Mosfeti zinakufa kila nikizamisha chuma ndani ya koili. Nimeshazika nane, kosa liko wapi?

#1 fundi_koili
Heshima kwenu wakuu. Naomba msaada kabla sijaitupa hii inveta dirishani.

Nimeunda hita ya induksheni (koili inayopasha chuma kwa usumaku bila moto), ile ya mosfeti mbili, yaani swichi za kielektroniki, zinazopokezana. IRFP260N mbili, kapasita sita za 0.33 µF zimeungwa sambamba, koili ya bomba la shaba la milimita 6 yenye mizunguko saba na upana wa milimita 45, indukta mbili za kuingizia umeme, rezista za 470 Ω kwenye mageti (miguu inayofungulia na kufungia mkondo), zena za volti 12 za kuzuia volti ya geti isizidi, na zile daiodi mbili za msalaba, kutoka geti ya moja hadi dreni ya nyingine. Pawasaplai ni ya 36 V, 15 A.

Koili ikiwa tupu inavuta ampia 3 na inakaa hata robo saa, mosfeti vuguvugu tu. Nikizamisha bolti nene ya milimita 20, ammita inaruka mpaka 14, bolti inaanza kuwiva kwenye kingo, halafu nasikia "tik". Kimya. Nikipima, mosfeti moja imekuwa waya mtupu kutoka dreni hadi sosi, ile miguu miwili inayopitisha mkondo.

Nabadilisha zote mbili kila mara, na mpaka leo nimezika nane. Nisaidieni.

#2 mpita_njia
Poleni na msiba. Makaburi manane si mchezo.

#3 Hertzi99
Hapo hakuna siri mkuu. Mosfeti yako ni ya ampia 50. Ndani ya koili kunazunguka zaidi ya ampia 100. Umempa punda mzigo wa lori. Funga mbili mbili kila upande.

#4 BibiOhm
#3, punguza kasi. Mkondo mkubwa unazunguka kati ya koili na kapasita, mosfeti haupitii. Kinachopita kwenye mosfeti ni kile kinachotoka kwenye pawasaplai kupitia zile indukta mbili, yaani hizo ampia 14 anazoziona, na tena wanagawana zamu. Ampia 14 kwa IRFP260N yenye hitisinki nzuri ni kazi ya kawaida.

Tuweke hesabu mezani. Kapasita sita za 0.33 ni 1.98 µF. Koili ya vipimo hivyo haiwezi kuwa mbali na 1.3 µH. Masafa yanatoka karibu kHz 99. Kilele cha volti kwenye dreni ni volti za kuingia mara pai, 36 × 3.14, yaani 113. Mosfeti inavumilia 200. Kwa hiyo volti si tatizo, labda kuwe na miba inayorukia juu ya wimbi.

Sasa hiyo 113 igawe kwa kizuizi cha koili, 0.81 Ω. Unapata kilele cha ampia 140, sawa na kama 99 za wastani wa joto (RMS). Fundi, hizo kapasita zako ni za aina gani?

#5 mzee_wa_lehemu
BibiOhm ameshamaliza somo, mimi naongeza la mtaani. Ni PAWASAPLAI. Nimeona kisa hiki mara nyingi mno. Ukizamisha chuma, saplai inashtuka, volti inaporomoka. Mageti ya saketi hii yanakula kutoka njia hiyohiyo moja. Volti ikishuka chini ya kumi hivi, geti haifunguki yote, mosfeti inakuwa nusu imelala nusu iko macho, joto linapanda ndani ya sekunde. Mbaya zaidi, saplai za kisasa zikizidiwa hujizima na kuwaka tena taratibu. Saketi hii haipendi kuwashwa taratibu. Volti ikipanda polepole, mosfeti zote mbili zinafunguka pamoja, mtetemo hauanzi, na hapo umeunganisha saplai na ardhi kupitia indukta. Tik.

Weka betri za gari uone.

#6 nusu_daraja
Kwa nini bado mnahangaika na saketi ya mosfeti mbili zisizo na akili? Jenga nusu daraja (swichi mbili zilizopangana kati ya chanya na hasi), IGBT mbili, yaani swichi za nguvu kubwa, dreva ya geti yenye saplai yake, na PLL ya chipu 4046, saketi ya kufukuzia masafa, ifuate chuma kinavyobadilika. Utasahau misiba.

#7 mpita_njia
Mtu kaumwa jino, daktari anamshauri abadilishe kichwa.

#8 fundi_koili
Ahsanteni. @BibiOhm kapasita zimeandikwa MKP (za filamu ya plastiki), 630 V. Zinapata moto, sikuwa nazijali. @mzee_wa_lehemu nimeazima betri mbili za gari, nimeziunga mfululizo. Volti 25 kamili. Bolti ileile. Nimeiacha dakika sita! Imekuwa nyekundu ya damu, mosfeti hai. Mzee nakuvulia kofia.

#9 mzee_wa_lehemu
Nilisema. Kesi imefungwa, tukalale.

#10 BibiOhm
Haijafungwa hata kidogo. Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo: umetoa saplai na umeshusha volti kutoka 36 hadi 25. Nguvu inafuata mraba wa volti, kwa hiyo mashine yako sasa inafanya chini ya nusu ya kazi iliyokuwa inafanya. Hata kapasita, hata rezista, hata feni mbovu ingepona kwa jaribio hilo. Lete betri ya tatu.

#11 Hertzi99
Nakubali kosa langu la #3, nimejifunza. Ila nauliza: hizo mosfeti ni halisi? Zipo nyingi zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya. Unga dreni na sosi pamoja, pima kapasitansi kati ya geti na hapo. IRFP260N ya kweli inatoa nanofaradi kadhaa. Ukiona moja na kitu, umeuziwa jina.

#12 fundi_koili
Nimepima nilizobaki nazo mpya: 5.1 na 5.0. Naona ziko sawa? Mzee, betri ya tatu napata kesho.

#13 kimyakimya
Nimesoma uzi wote nikiwa nimejificha. Swali la mjinga: bolti yangu huwa inapanda haraka mpaka wekundu hafifu halafu inagoma, ammita inashuka yenyewe. Mashine imechoka au?

#14 BibiOhm
Si swali la mjinga, ndilo swali zuri kuliko yote humu. Chuma kikipita nyuzi 770 hivi kinapoteza usumaku wake. Kabla ya hapo, kwa kHz 100, mkondo unakaa kwenye ngozi nyembamba mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ngozi nyembamba ni ukinzani mkubwa, na ukinzani ndio unaokula umeme na kutoa joto. Ukivuka 770 ngozi inanenepa hadi milimita moja na nusu au zaidi, ukinzani unashuka, mashine inajikuta haina cha kusukuma. Induktansi nayo inapungua, masafa yanapanda kidogo. Ukitaka kusogea mbele, banisha koili karibu na chuma na uongeze volti. Mashine yako nzima.

#15 nusu_daraja
Na ndiyo maana nasema PLL. Saketi yao inajifuata yenyewe, sikatai, lakini huna usukani. Ukitaka nguvu kidogo huwezi kuomba, unashusha volti basi. Mimi nasogeza masafa kidogo juu ya rezonansi (masafa ya asili ya koili na kapasita), nguvu inapungua kama mtu anayefunga bomba.

#16 Hertzi99
Juu ya rezonansi? Mbona nilifundishwa kukaa palepale katikati, ndipo nguvu inapokuwa kubwa?

#17 nusu_daraja
Ukikaa palepale siku moja utateleza chini. Katika nusu daraja la mfululizo, juu ya rezonansi mkondo unachelewa nyuma ya volti, kwa hiyo swichi inafunguka wakati daiodi yake tayari inapitisha, hakuna mshtuko. Chini ya rezonansi mkondo unatangulia, swichi ya pili inafunguka wakati daiodi ya mwenzake bado haijafunga. Kwa nukta ndogo sana una shoti kutoka juu hadi chini. Kelele yake haina "tik", ina "PAA".

Nakiri nimeipiga hiyo PAA mara mbili. Ya tatu haikuwa kosa la masafa: nilibana klipu ya ardhi ya oskiloskopu kwenye sosi ya swichi ya juu huku saketi ikila umeme wa ukutani moja kwa moja. Klipu ile sasa ina umbo la jani lililoliwa na panzi. Msinifuate kwenye hilo.

#18 BibiOhm
Ongeza na onyo la kapasita, maana watu watakimbilia. Umeme wa 230 V ukinyooshwa unafika karibu 325. Wimbi la msingi la nusu daraja lina kilele cha kama 207. Ubora wa mzunguko (Q), yaani volti inakuzwa mara ngapi kwenye rezonansi, ukiwa 10, kapasita ya mfululizo inaona volti zaidi ya 2000. Anayechukua zile za 630 V za mwenye uzi na kuziweka hapo aandae ufagio.

#19 mpita_njia
Mwenye uzi aliuliza habari ya mosfeti, sasa tuko kwenye mazishi ya klipu.

#20 Kapasita_Taabani
Nimechelewa, samahani. Nina wazo tofauti na Mzee, na jina langu linanipa haki. BibiOhm kasema ampia 99. Gawa kwa kapasita sita, ni zaidi ya 16 kwa kila moja, mfululizo, kwa kHz 99. Kapasita ndogo ya 0.33 µF haikuumbwa kwa hilo hata iandikwe MKP kwa wino wa dhahabu. Inachemka, filamu inaanza kuliwa, thamani inashuka, masafa yanapanda, moja inapata shoti kwa muda mfupi, na mosfeti ndiyo inayokufa kwa dhambi ya mwingine. Yangu nilizishika kwa kidole dakika ya nne, nikakitoa haraka. Leo natumia kumi na mbili ndogo zilizotawanywa kwenye pau mbili za shaba, feni juu.

#21 mzee_wa_lehemu
Kapasita ikipata shoti inaonekana, inavimba au inapasuka. Zake hazijavimba. Saplai.

#22 Kapasita_Taabani
Filamu inajiponya yenyewe mzee, doa linaungua na shoti inaisha. Huoni kitu kwa nje. Saplai gani?

#23 Hertzi99
Wakuu, hii si saketi ya Royer? Niliona mahali wanaiita hivyo.

#24 nusu_daraja
Wengi wanaiita hivyo, wengine wanaiita ya Mazzilli. Royer wa miaka ya 1950 alitegemea kiini cha transfoma kishibe usumaku ndipo zamu ibadilike, na wimbi lake ni la mraba. Yenye kapasita na wimbi la sini ni kazi ya Baxandall, 1959. Nikisikia "Royer" kwa hii huwa nakunja uso, lakini nimeshazoea.

#25 mpita_njia
Nusu Daraja akikunja uso daraja linabaki robo.

#26 BibiOhm
Kuna kitu tumekiruka sote. Fundi, rezista zako za 470 Ω ni za wati ngapi?

#27 fundi_koili
Nusu wati. Na sasa nikizitazama… zilikuwa za bluu, zimekuwa kahawia.

#28 BibiOhm
Hapo! Mosfeti ya upande mmoja ikiwa wazi, daiodi inavuta geti ya mwenzake chini, na rezista ya geti hiyo inabaki imening'inia kati ya volti 36 na ardhi. 36 mara 36 gawanya kwa 470 ni wati 2.8. Nusu nyingine ya wimbi zena imeshika 12, rezista inabeba 24, wati 1.2. Wastani ni wati 2 kwenye rezista ya nusu wati. Ikiungua thamani yake inapanda, geti inachelewa kujaa, mosfeti inakaa kwenye ile nusu usingizi aliyoisema Mzee. Kwa betri za volti 25 mateso hayo yanapungua kwa zaidi ya nusu.

#29 mzee_wa_lehemu
Basi zingekufa hata koili ikiwa tupu. Kasema robo saa hai.

#30 BibiOhm
Tupu ni ampia 3. Kosa lilelile kwa ampia 3 ni homa, kwa 14 ni kifo. Ila nakubali, si ushahidi kamili.

#31 fundi_koili
Mrejesho. Nimeweka rezista za wati 5, sikugusa kingine. Betri tatu, 37.6 V, fyuzi ya ampia 20 kwenye waya wa chanya. Bolti ileile.

Dakika ya kwanza: wekundu. Ya pili: rangi ya chungwa upande wa juu, ammita imeshuka kutoka 15 hadi 9 kama alivyosema BibiOhm. Ya tatu nikasikia harufu, kama plastiki ya mpini wa sufuria. Ya nne kapasita ya mwisho, iliyo karibu na koili, ikapasuka ubavu na kutoa moshi mweupe. Fyuzi ikakatika. Nimepima mosfeti: ZOTE HAI.

#32 Kapasita_Taabani
Sina la kusema. Nitakaa tu hapa nitabasamu.

#33 mzee_wa_lehemu
Tabasamu lako halina meno. Kasema mosfeti zote hai! Kapasita imekufa, mosfeti zimepona. Sasa kapasita ndiyo iliyokuwa inaua mosfeti, au saplai? Hapa hakuna saplai, mosfeti hakufa hata moja.

#34 Hertzi99
Au rezista. Kabadilisha na rezista.

#35 kimyakimya
Au fyuzi imeokoa. Mwanzo hakuwa na fyuzi.

#36 mpita_njia
Au bolti imechoka kuua.

#37 BibiOhm
Fundi, nilikuomba ulete betri ya tatu, sikusema ubadilishe na rezista siku hiyohiyo. Kila mmoja humu sasa ana haki ya kudai ushindi. Badilisha kimoja kimoja, ndugu yangu.

Kapasita ya mwisho iliyo karibu na koili kupasuka kwanza si ajabu. Ndiyo yenye njia fupi kuliko wenzake, inabeba zaidi ya fungu lake, na inaota joto la bolti bure.

#38 fundi_koili
Nimekoma. Nimepanga kumi na mbili za 0.15 µF kwenye pau za shaba kama alivyosema Kapasita, jumla 1.8, na feni. Bomba la koili nimeliunganisha na pampu ndogo ya maji. Kwa betri tatu: dakika kumi na mbili, kapasita vuguvugu, mosfeti vuguvugu, bolti inaangaza meza nzima. Furaha isiyo kifani.

Halafu nikarudisha ile pawasaplai ya 36 V. Ya zamani, ileile. Sekunde arobaini. Tik.

#39 mzee_wa_lehemu
😌

#40 nusu_daraja
Hapa nampa Mzee pointi. Weka swichi nzito kati ya saplai na saketi, saplai iwake kwanza ikae sawa ndipo uunganishe. Mageti yape volti 12 yake tofauti. Na weka kapasita kubwa ya kuhifadhi mlangoni.

#41 Kapasita_Taabani
Kapasita kubwa mlangoni ndiyo itakayofanya saplai ipande polepole zaidi ikiwaka. Umemponya ugonjwa mmoja ukampa mwingine.

#42 nusu_daraja
Kwa hiyo ndiyo nikataja swichi. Soma sentensi yote.

#43 Hertzi99
Je, hii inaweza kuyeyusha aluminiamu? Naona imeshakuwa na nguvu.

#44 kimyakimya
Mimi nilijaribu, ikabaki inanitazama. Aluminiamu haina usumaku na ukinzani wake ni mdogo, haikamatiki. Nikaiweka kwenye chungu cha grafaiti. Grafaiti ndiyo iliyopata moto, aluminiamu ikayeyuka kwa kuambukizwa. Vueni pete kabla ya kusogeza mkono karibu na koili. Siulizwi nimejuaje.

#45 BibiOhm
Fundi, swali moja dogo. Katika vifo vyote, ni mosfeti ya upande gani iliyokufa?

#46 fundi_koili
Sikuwahi kuangalia, nilikuwa natoa zote mbili natupa kwenye kopo. Lakini subiri… alama ya moshi kwenye bodi iko upande mmoja tu. Na ya leo pia. Kushoto. Daima kushoto.

#47 mzee_wa_lehemu
Feni inapuliza kutoka wapi?

#48 fundi_koili
Kulia.

#49 mzee_wa_lehemu
Basi ya kushoto inakula hewa iliyokwisha kupashwa na ya kulia.

#50 Kapasita_Taabani
Mosfeti vuguvugu dakika kumi na mbili kwa betri, leo feni ndiyo muuaji? Angalia waya wa ardhi. Kama sosi ya kushoto ina njia ndefu kufika kwenye hasi, geti yake inaona volti za uongo kila mkondo unaposhtuka.

#51 Hertzi99
Au zena ya kushoto ni mbovu.

#52 BibiOhm
Yote yanawezekana. Ila kabla hujagusa chochote upande wa kushoto, nenda KULIA. Geti ya kushoto inavutwa chini na daiodi iliyofungwa kwenye dreni ya kulia. Daiodi hiyo ikiwa nzito kufunga, inayoumia ni ya kushoto.

#53 fundi_koili
Nimepima zote mbili kwa multimita. Moja 0.52, nyingine 0.55. Nzima.

#54 BibiOhm
Multimita haijui mwendo wa daiodi. 1N4007 ya kunyooshea umeme wa 50 Hz na UF4007 ya nanosekunde 75 zinasoma karibu sawa. Soma maandishi.

#55 fundi_koili
Ya kushoto imeandikwa UF4007. Ya kulia niliilaza maandishi yakaangalia chini, na nimeibana na hitisinki. Nafungua skrubu. Naombeni msigombane mpaka nirudi.

#56 mzee_wa_lehemu
Ni saplai.

#57 Kapasita_Taabani
Mzee!